Maji ya bwawa yamepimwa tukaambiwa yapo ndani ya kiwango, mbona bado ni ya kijani? Hivi viwango vinawekwaje?

MtunzaBwawa (Chamwino)

Habari za majukumu wakuu, naomba wenye ujuzi wa maji mtusaidie maana huku tumekwama. Nipo kwenye kamati ya watumia maji kijiji kimoja huku Chamwino, tuna bwawa la zamani la kukinga maji ya mvua, ng'ombe wanakunywa hapo, kina mama wanafua hapo, pembeni kuna bustani za mchicha nyanya na vitunguu, na upande wa juu kuna mashamba ya zabibu na mtama. Mvua zikikata maji yanakuwa ya udongo kama kawaida hatuna shida, ila kuanzia mwezi wa nane hivi yanageuka kijani kabisa, asubuhi unakuta utando umekusanyika ule upande upepo unakopeleka, harufu yake huwezi kukaa karibu, watoto wakiogelea wanawashwa, na mwaka jana kuna ndama walikufa baada ya kunywa upande huo huo wenye utando.

Tukachangishana tukapeleka maji maabara. Majibu yakaja naitreti (naitrojeni ya mbolea iliyoyeyuka kwenye maji) miligramu 4 kwa lita, tukaelezwa kiwango cha maji ya kunywa ni 50 kwa hiyo upande wa mbolea maji hayana tatizo. Fosforasi, kirutubisho kingine cha mbolea, haikupimwa, na sisi hatukujua kama ilitakiwa kupimwa.

Sasa kijiji kinataka kutunga sheria ndogo ya kulinda bwawa na hapo ndio maneno yanapoanza, wenye bustani wanasema maabara imeshasema maji yapo sawa, kwa nini sisi tusogezwe? Na kwa kweli sina jibu la kuwapa. Maswali yangu ni haya, kiwango cha mbolea kwenye mto au bwawa au hata bahari kinawekwaje, ni namba moja nchi nzima au kila maji na namba yake, na inawezekanaje maji yapite kipimo halafu yawe ya kijani namna hii? Natanguliza shukrani.

---

Sampuli_Dom

Ndugu mwenyekiti swali lako ni zuri sana na ndilo swali ambalo hata ofisini watu wanalikwepa. Mimi kazi yangu ni ya maabara hapa Dodoma ngoja nijaribu kueleza taratibu.

Hiyo 50 uliyoambiwa ni kiwango cha Shirika la Afya Duniani na imewekwa kumlinda mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji ya kisima, naitreti ikizidi inaharibu uwezo wa damu yake kubeba oksijeni mtoto anageuka bluu. Basi. Haijawekwa kulinda bwawa. Mtoto anavumilia miligramu 50, bwawa halivumilii hata sehemu ndogo ya hapo. Kwa hiyo maabara haijakudanganya, imejibu swali tofauti na lile mliloenda nalo.

Pili, mmepima maji yakiwa tayari kijani si ndio? Basi naitreti imeshaliwa. Ule mwani, yaani vimea vidogo vidogo vinavyofanya maji yawe kijani, umeinywa yote na sasa ipo ndani ya mwani wenyewe, ukichuja maji ukapima yaliyobaki lazima ukute kidogo. Kinachotakiwa kupimwa ni naitrojeni yote na fosforasi yote, yaani pamoja na iliyomo ndani ya mwani na iliyoganda kwenye chembe za udongo, halafu na klorofili ambayo ndiyo inakwambia mwani upo kiasi gani.

Na kwenye maji baridi mara nyingi mwenye kesi ni fosforasi. Canada mwaka 1973 waligawa ziwa dogo katikati kwa pazia, upande mmoja wakatia kaboni na naitrojeni, upande wa pili wakatia hivyo hivyo wakaongeza na fosforasi, upande wenye fosforasi ukawa kijani na mwingine ukabaki vile vile. Picha yake ya kutoka angani ilisaidia sana kumaliza ubishi wa kama sabuni zenye fosfeti (aina ya fosforasi) zinaharibu maziwa kule kwao.

Sasa shika namba hizi. Kwa mgawanyo unaotumika sana duniani, ziwa likifika fosforasi yote miligramu 0.035 kwa lita linahesabika limeanza kurutubika kupita kiasi, likivuka 0.1 limeharibika kabisa. Rudi kwenye kanuni zetu za viwango vya ubora wa maji za 2007 chini ya sheria ya mazingira, maji taka yanayotoka kwenye bomba la mji au kiwanda yanaruhusiwa kuwa na fosforasi mpaka miligramu 6 kwa lita. Piga hesabu, ili hiyo 6 ishuke ifike 0.1 inabidi maji safi yawe karibu mara 60 ya hayo maji taka. Mara sitini! Ulaya kwenye mto mkubwa unaotiririka mwaka mzima labda yatapatikana, huku kwetu mto mwezi wa tisa ni mchanga mtupu, nani anazimua?

Ndio maana nasema siku zote, kiwango cha kwenye bomba peke yake hakitoshi, lazima na maji yenyewe yanayopokea yawe na kiwango chake.

---

Mkulima_wa_Mvumi

Naheshimu wataalam ila hapa naona mnataka kumbebesha mkulima mdogo mzigo usio wake. Mbolea yenyewe mfuko wa DAP mtu ananunua kwa kujinyima hata baada ya ruzuku, anaweka kijiko kwa shimo, mtama wengi hatuweki kabisa, sasa hiyo inayokwenda bwawani ni ipi? Mwenye ng'ombe 200 wanaoingia majini kila siku wakajisaidia humo humo mbona hatajwi? Mwaka 2022 Mto Mara samaki walipokufa maji yakawa meusi kamati ilikuja na majibu kwamba ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza, watu wengi hawakukubali mpaka leo wanabishana, ila mimi najiuliza kama mto mzima kama Mara unaambiwa umelemewa na mifugo, lambo la kijiji itakuwaje?

Nachoomba, kabla hamjaandika namba kwenye karatasi semeni kwanza nani anachangia kiasi gani. La sivyo atasogezwa mwenye kijibustani cha mchicha kwa sababu hana sauti, na mwenye ng'ombe ataendelea kunywesha kama kawaida.

---

KondoaMilimani

Mkulima hapo umesema kweli na nakuunga mkono kwa sehemu kubwa ila kuna mtu wa tatu hamjamtaja, UDONGO. Fosforasi haipendi kusafiri na maji matupu, inang'ang'ania chembe za udongo, kwa hiyo mvua kubwa ya kwanza ikipiga ardhi iliyo wazi lile tope jekundu linaloshuka korongoni ndilo limebeba fosforasi, hata shamba ambalo halijawahi kuona mfuko wa mbolea.

Sisi wa Kondoa hili tunalijua, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza 1973 na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa eneo lililoharibika, wazee wetu walihamisha ng'ombe kwa machungu makubwa. Nia ilikuwa kuokoa ardhi sio kupunguza mwani, ila ni kitu kimoja, ukizuia udongo kushuka umezuia na fosforasi. Mimi sisemi tufukuze mifugo ya watu, ile ilikuwa amri na ilikuwa na maumivu yake, nasema matuta ya kontua (yanayokata mteremko), majani ya kudumu kwenye njia za maji, na kanyweshe ya ng'ombe iwe nje ya bwawa, maji yavutwe kwa bomba yaende kwenye birika na ng'ombe wanywe huko.

Na kuna jambo la Dodoma ambalo viwango vya kuazima nje havilijui. Huku mvua ni kama milimita 570 kwa mwaka na zinashuka miezi michache tu, halafu jua linakausha kuliko mvua inavyojaza. Sufuria ya mchuzi ikiachwa motoni bila mfuniko chumvi haijaongezwa lakini mchuzi unazidi kukolea, na bwawa ni hivyo hivyo, likipungua nusu ile fosforasi iliyoingia mwezi wa kwanza inakuwa mara mbili kwa kila lita bila mtu kutia kitu. Ukipima mwezi wa tatu utafurahi, ukipima mwezi wa kumi utalia. Kwa hiyo mimi naona kiwango kwa huku kwetu kiwe cha mzigo, kilo ngapi zinaingia kwa msimu mzima wa mvua, sio miligramu tu za siku moja.

Angalieni pia maji yanaishia wapi. Mto Bubu wetu unaishia mbuga ya Bahi, hakuna mlango wa kutokea, kinachoingia pale kinabaki pale. Kinyasungwe yeye anaungana na Wami mpaka baharini kule Saadani. Mkoa mmoja huo huo, mito miwili, na huwezi kuipa namba moja.

---

DadaAfya

Jamani kabla ya namba, ndama. Mwenyekiti ulivyoandika utando wa asubuhi upande wa upepo na mifugo kufa, hapo usisubiri sheria ndogo. Kuna aina za huo ukijani sio mwani wa kawaida ni bakteria wanaitwa sayanobakteria na baadhi yao wanatoa sumu ya ini na ya mishipa ya fahamu. Sio jambo jipya, mwaka 1878 kule Australia kwenye Ziwa Alexandrina iliandikwa kabisa kwamba mifugo ilikufa kwa kunywa maji yenye utando wa namna hiyo. Sisemi ndio iliyoua ndama wenu, daktari wa mifugo ndiye aseme, ila chukulieni kwamba inawezekana.

KUCHEMSHA HAKUSAIDII. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi kwa sababu kina mama wengi wanajua maji mabaya dawa yake ni kuchemsha. Bakteria watakufa ila sumu inabaki, na wakipasuka ndio wanaiachia zaidi. Mwezi wa nane 2014 mji wa Toledo kule Marekani, karibu watu nusu milioni waliambiwa wasinywe maji ya bomba na wasiyachemshe, sumu ilitoka kwenye Ziwa Erie ikaingia mpaka kwenye mtambo. Na ule ni mji wenye mtambo wa kusafishia, sisi tunachota na ndoo.

Wekeni mtu azuie watoto kuogelea wakati wa utando, mifugo inyweshwe upande usio na utando au maji ya kisima, na atakayechota asichote palipo na povu la kijani.

---

Mwanza_hadi_Dom

Nimehamia hapa makao makuu kikazi lakini nimekulia ziwani kwa hiyo hii mada inaniuma. Nyumbani tuliona magugu maji yanafunga ufuo mtumbwi hautoki, na watu tukalaumu magugu kana kwamba yamekuja yenyewe, kumbe yalikuta ziwa limeshatengewa chakula. Na Victoria ilivyo ngumu ni kwamba fosforasi nyingi inaanguka kutoka angani kwa vumbi na moshi wa kuchoma mashamba na misitu, sasa hapo unamwandikia nani faini? Nchi tatu zinachangia ufuo, na Rwanda na Burundi maji yao yanaingia humo pia.

Kwenye swali la jinsi ya kuweka namba, wenzetu waliolifanya muda mrefu ni Marekani na hata wao wamegombana sana. Miaka mingi jimbo la Florida lilikuwa na kiwango cha maneno tu, kwamba mbolea isiongezeke kwenye maji mpaka ikavuruga uwiano wa viumbe na mimea ya asili. Sentensi nzuri, ila mpaka uthibitishe uwiano umevurugika maji yameshaharibika. Vikundi vya mazingira vikaenda mahakamani 2008, na mwaka 2010 mamlaka ya mazingira ya nchi ikatoa namba kwa maziwa na mito ya Florida. Na hawakutoa namba moja, maziwa waliyagawa kwa rangi ya maji na kiasi cha chokaa, ziwa lenye maji ya rangi ya chai na ziwa angavu lenye chokaa yakaruhusiwa klorofili maikrogramu 20 kwa lita, ziwa angavu lisilo na chokaa likapewa 6 tu kwa sababu lenyewe kwa asili ni la maji safi sana.

Njia zao kubwa ni hizi kwa kifupi. Moja unatafuta maji ambayo hayajaguswa na watu unapima unasema haya ndio ya kawaida ya ukanda huu. Nyingine unakusanya vipimo vya maji mengi unaangalia fosforasi ikipanda mwani unapanda vipi, unakata pale unapoanza kuona madhara. Ya tatu ni ya kuanzia mwisho, unasema huku chini tunataka hali hii, halafu unahesabu kurudi nyuma juu waruhusiwe kiasi gani. Hiyo ya tatu ndiyo ya Ghuba ya Chesapeake huko huko Marekani, mwaka 2010 iliwekwa jumla kwa mwaka ratili (pauni za uzito, sio pesa) milioni 185.9 za naitrojeni na milioni 12.5 za fosforasi, halafu ikagawanywa kwa majimbo sita na mji wa Washington, kila mmoja na fungu lake. Mkulima wa Mvumi hii ndio jibu lako, fungu la kila mtu linaandikwa, mfugaji, mkulima, mji, kiwanda. Malengo waliyojiwekea ya mpaka 2025 hawakuyafikia yote, na hasa upande wa mashamba ndio uliowashinda.

Na mnaona pale naitrojeni imetajwa kwa uzito. Baharini mara nyingi naitrojeni ndiyo inayowasha moto, ziwani fosforasi. Kwa hiyo Kinyasungwe akibeba naitrojeni mpaka Saadani ni kesi ya matumbawe na ya wavuvi wa pwani hata kama mabwawa ya njiani hayakuona shida. Wengine watakwambia punguza fosforasi tu inatosha, mimi sikubaliani, mto unaokwenda baharini uwekewe zote mbili.

---

MtunzaBwawa (Chamwino)

Asanteni sana wakuu, DadaAfya ujumbe wako nimeusambaza kwenye kundi la kijiji jioni hii hii na mtendaji ameupokea. Mkulima wa Mvumi usiwe na wasiwasi, kwenye kamati wenye ng'ombe nao watakaa meza moja.

Swali la mwisho. Sisi ni kijiji hatuna mamlaka ya kuweka namba ya kitaifa, hatuna hela ya kupima kila mwezi, sasa tufanye nini kinachowezekana? Na nikiondoa vyote hivyo leo, bwawa litapona lini?

---

Sampuli_Dom

Kupona inategemea. Ziwa Washington kule Seattle walihamisha maji taka yote kati ya 1963 na 1968 na likang'aa ndani ya miaka michache, ila lile ni refu kwenda chini na maji yake yanabadilishwa haraka. Bwawa la kina kifupi lenye tope kama lenu, fosforasi ya miaka yote imelala kwenye tope, chini kukikosa oksijeni inaachiwa inarudi juu. Bwawa la Hartbeespoort Afrika Kusini, miaka ya 1980 walibana mitambo ya maji taka isizidi miligramu 1 ya fosforasi kwa lita na mpaka leo bado linasumbua kwa mwani na magugu. Kwa hiyo waambie wananchi ukweli, msitarajie msimu mmoja. Lenu lina nafasi moja nzuri, mwaka likikauka sana mchimbe tope mlipeleke shambani, hiyo ni mbolea yenu wenyewe mliyoipoteza.

Kuhusu sheria msianze kutoka sifuri, kifungu cha 57 cha sheria ya mazingira ya 2004 tayari kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa na mabwawa, sheria ndogo yenu isimamie hiyo kwa bustani NA kwa ng'ombe NA kwa kufulia, jengeni karo la kufulia mbali kidogo maji ya sabuni yaishie ardhini. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 nayo inatoa nafasi ya kuainisha vyanzo vya maji na kuwekewa malengo ya ubora, kwa hiyo andikeni barua bodi ya maji ya bonde lenu, kama mpo upande wa Kinyasungwe ni Wami/Ruvu, muombe bwawa lenu lipimwe na liwekewe lengo lake. Barua yenye vipimo ina nguvu kuliko barua yenye malalamiko.

Vipimo vya bei rahisi, chukua sahani ya bati ipake robo nyeupe robo nyeusi kwa kupishana mpaka izunguke yote, ifunge kamba yenye alama za sentimita, shusha majini upande wa kivuli mpaka isionekane, andika kina. Kila wiki mtu yule yule saa ile ile, na mwandike kando kama maji ni ya udongo au ya kijani maana sahani haitofautishi. Andikeni na usawa wa maji kwenye kijiti, na siku ya mvua kubwa. Maabara njooni mara mbili tu kwa mwaka, mvua zikiisha na kabla ya utando kuanza, ombeni fosforasi yote, naitrojeni yote na klorofili kwa majina hayo hayo. Chupa ya klorofili ifungwe na kitambaa cheusi jua lisiipige, chupa zote ziwekwe kwenye boksi lenye barafu na zifike siku hiyo hiyo, na sampuli ichukuliwe katikati ya bwawa, sio pembeni kwenye utando.

---

Mkulima_wa_Mvumi

Hapo kwenye tope kurudi shambani mmenipata. Mwenyekiti mkianza kuchimba tangazeni, kuna watu wa huku wana matela.